Mwiko na Mwiko: Kupima Ulaji wa Wanaosafishwa Damu

Tathmini ya ulaji wa mgonjwa anayesafishwa damu ni kazi ya kukadiria aina na kiasi cha vyakula na vinywaji anavyotumia mtu ambaye figo zake zimeshindwa kuchuja taka za mwili, ili kinachoingia kinywani kisizidi uwezo wa mashine wa kukiondoa, wala kisipungue mahitaji ya mwili wenyewe. Ufafanuzi huu una ncha mbili, ziada na upungufu, na kumbukumbu zinazoelezwa hapa zinahusu namna ncha ya kwanza ilivyoshughulikiwa kwa bidii kubwa huku ya pili ikiachwa ijiangalie yenyewe.

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, hurudisha mwilini karibu zote, kisha hutoa lita moja au mbili za mkojo uliobeba urea, kreatinini, asidi, chumvichumvi na maji yasiyohitajika. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana. Usafishaji wa damu, ambao wataalamu huuita dayalisisi na wagonjwa wengi huuita "mashine" tu, hufanyika kwa saa nne, mara tatu kwa wiki pale uwezo unaporuhusu, yaani saa 12 kati ya saa 168 za juma zima. Katika saa 156 zinazobaki mgonjwa huishi na kila alichokula na kila alichokunywa. Tangu Willem Kolff alipoanza kuitumia mashine yake kwa wagonjwa huko Uholanzi mwaka 1943, akitumia selofeni iliyokuwa ikifungiwa soseji, vifaa vimeboreshwa mno, lakini bado hakuna mashine inayolingana na figo isiyolala, na ndiyo maana jiko la mgonjwa huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba.

Mwandishi wa makala haya, ambaye ni mtaalamu wa lishe, alianza kazi katika kitengo kimoja cha kusafisha damu jijini Dar es Salaam akiwa bado kijana, na siku ya kwanza alikabidhiwa fomu ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya vyakula na visanduku vya kuwekea alama: kila siku, mara chache, kamwe. Ukurasa wa pili ulikuwa orodha ya vyakula vilivyokatazwa, nao ulichanwa na kupewa mgonjwa aende nao nyumbani. Orodha ile haikuwa ya uongo. Potasiamu, madini yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo pasipo dalili ya kutahadharisha, nayo imejaa katika ndizi, parachichi, mihogo, viazi, nyanya, ubuyu, tende na maji ya madafu. Fosforasi, ambayo huungana na kalsiamu kujenga mifupa, ikirundikana huwasha ngozi, hudhoofisha mifupa na kukakamaza mishipa ya damu, nayo iko katika maziwa, maini, dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, na soda nyeusi za kola. Sodiamu iliyo katika chumvi huleta kiu, kiu huleta maji, na maji yasiyo na pa kutokea hujaa miguuni kisha mapafuni. Kila kilichoandikwa kilikuwa na sababu yake. Kilichokosekana ni ukurasa wa tatu, wa vyakula ambavyo mgonjwa anapaswa kula.

Njia iliyotumika zaidi kuijaza fomu ilikuwa ile ya kumbukumbu ya saa 24, ambapo mgonjwa huulizwa kila alichokula na kunywa tangu jana wakati kama huo. Ni njia nafuu, haihitaji mgonjwa ajue kusoma, na hufanyika akiwa amelala kwenye kiti cha mashine, sindano mbili zikiwa mkononi na damu ikizunguka kwenye mipira. Kasoro yake iko hapohapo. Mtu aliyefungwa kwenye mashine kwa saa nne hana pa kwenda, anayemhoji amevaa koti jeupe, wagonjwa wa kushoto na kulia wanasikia, na orodha ya makatazo anayo ndani ya mfuko wa dawa. Mwandishi alikuwa akimwamkia mzee wa miaka sabini shikamoo, akapokea marahaba, kisha dakika moja baadaye akamsaili juu ya parachichi kama askari anayesaka bidhaa za magendo. Majibu yalifanana mno: wali mweupe, mboga kidogo, samaki kipande, matunda hapana. Fomu zikajaa majibu ya namna hiyo, huku vipimo vya damu vya kila mwezi vikionyesha kwa baadhi ya waliojibu hivyo potasiamu ya milimoli 6.5 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida hakizidi sana 5, na mwandishi akahitimisha kwa haraka ya ujana kwamba wagonjwa ni waongo. Baadhi walikuwa wakificha, hilo halina ubishi. Wengi zaidi, kama ilivyokuja kudhihirika, walikuwa wakisema kweli kuhusu jambo ambalo halikuwa ndilo.

Aliyemfumbua macho ni mama mmoja wa makamo, mshona nguo, ambaye wauguzi walimtaja kwa wagonjwa wapya kama mfano wa kuigwa, kwa kuwa potasiamu yake haikuwahi kuvuka 5 na uzito wake haukupanda zaidi ya kilo mbili kati ya kipindi kimoja na kingine. Kila mgonjwa wa aina hii hupangiwa uzito mkavu, yaani uzito anaopaswa kuwa nao maji yote ya ziada yakishaondolewa, na uzito wake mkavu ulikuwa umeandikwa kilo 54 kwa miezi mingi bila kuguswa. Asubuhi moja muuguzi alipomfunga ukanda wa kupimia presha katika mkono usio na fistula, yaani mkono ambao mishipa yake haikuunganishwa kwa upasuaji ili kupokea sindano za mashine, ukanda uliokuwa ukimkaa vizuri ulizunguka ukapitiliza. Mwandishi akamtazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Gauni alilolivaa, ambalo alilishona mwenyewe, lilikuwa limepunguzwa mabegani na ubavuni kwa uzi wa rangi nyingine, mshono juu ya mshono, kila mmoja ukiwa umeingia ndani zaidi ya uliotangulia. Mzunguko wa mkono wake ulipopimwa kwa utepe ulikuwa sentimita 23. Siku alipoanza matibabu ulikuwa umeandikwa 26.

Maelezo ya hali hiyo yanafahamika vizuri katika elimu ya figo, ingawa husahaulika kwa urahisi wodini. Nyama ya mwili inapopungua kidogokidogo na maji kuchukua nafasi yake, mizani husoma namba ileile, na kwa kuwa namba haijabadilika hakuna anayeshtuka. Mama yule alikuwa amepoteza nyama na kubeba maji, na presha yake iliyokuwa ikipanda, ambayo ilikuwa imeongezewa dawa mara mbili, ilikuwa ikilalamikia maji hayo. Daktari alipoushusha uzito mkavu kwa hatua, hadi kilo 51, miguu ikapungua uvimbe na dawa moja ya presha ikaondolewa.

Alipoulizwa upya, safari hii akiwa amekaa kwenye benchi la nje kabla ya kuingia kwenye mashine, maelezo yake hayakutofautiana na yaliyokuwa kwenye fomu. Asubuhi uji mwepesi wa sembe bila maziwa, kwa sababu maziwa yamekatazwa. Mchana wali mweupe na kabichi iliyochemshwa mara mbili. Usiku chai ya rangi na kipande cha mkate. Maharage aliyaacha kwa sababu ya potasiamu, dagaa kwa sababu ya fosforasi, na nyama kwa sababu kabla ya kuanza mashine aliambiwa nyama inachosha figo. Mayai hakuyala kwa kuwa hakuna aliyemwambia anaruhusiwa. Fomu ile, kwa vigezo vyake, ilimpa alama za juu kabisa, na protini aliyoipata kwa siku haikufika gramu 25.

Hapo pana kinamasi ambamo wagonjwa wengi hukwama. Mtu ambaye figo zake zinaelekea kushindwa, lakini hajaanza mashine, mara nyingi hushauriwa kupunguza protini, kwa kuwa mabaki yake ndiyo urea inayozielemea figo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unataja gramu 0.55 hadi 0.60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa asiye na kisukari. Siku anapoanza mashine ushauri hugeuka kinyume, kwa sababu kila kipindi humwaga nje gramu kadhaa za asidi amino, ambazo ndizo matofali ya kujengea protini, na mwongozo huohuo unataka gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Mama wa kilo 50 anahitaji basi kati ya gramu 50 na 60. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha uji mwepesi hakifikishi gramu 3. Katika kitengo kile hakukuwa na mtu aliyepewa jukumu la kumwambia mgonjwa kwamba sheria imebadilika, na ushauri wa kwanza, ukiwa ndio uliopokewa kwa hofu kubwa zaidi, ulibaki ukitawala sahani yake miaka miwili baada ya muda wake kwisha.

Uzito wa kosa hili ulikuwa umeshaonyeshwa zamani. Mwaka 1990 Lowrie na Lew walichapisha uchambuzi wa taarifa za wagonjwa zaidi ya 12,000 waliokuwa wakisafishwa damu nchini Marekani, wakaonyesha kwamba kiwango cha chini cha albumini, protini kuu iliyo katika maji ya damu, kilihusiana zaidi na hatari ya kufa kuliko vipimo vingine vingi vilivyokuwa vikifuatwa kwa karibu. Ni kweli kwamba albumini hushuka pia kwa sababu ya uambukizo na uvimbe wa ndani ya mwili, hivyo si haki kuifanya kipimo cha chakula peke yake. Hata hivyo ni vigumu kuelewa jinsi kitengo kilichokuwa na majibu ya albumini ya kila robo mwaka ndani ya mafaili kilivyoweza kuendelea kuwagombeza watu kwa ajili ya ndizi. Mwandishi alikuwa mmoja wa waliogombeza.

Baada ya tukio hilo utaratibu ulianza kubadilika, na badiliko la kwanza lilikuwa dogo: wagonjwa waliombwa waje na bakuli wanalolia. Hadi wakati huo kiasi kilikuwa kikiandikwa kwa maneno, "bakuli moja", "sahani moja", "vijiko vitatu", kana kwamba bakuli la Mbagala na la Kariakoo yametoka tanuru moja. Yalipoletwa na kujazwa maji kwa kikombe cha kupimia, bakuli dogo kuliko yote liliingiza mililita 250 na kubwa zaidi lilipita lita moja. Vipimo hivyo ndivyo vilivyowezesha kutumia kwa maana jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008, kwani jedwali husema kilichomo katika gramu 100 za chakula, lakini haliwezi kujua gramu ngapi zilimezwa.

Bakuli lilizua swali jingine, kwa sababu mzee mmoja hakuleta. Alieleza kwa utulivu kwamba nyumbani kwake wanakula kwenye sinia moja yeye na vijana wake wanne, na kwamba hajawahi kuwa na bakuli lake tangu azaliwe. Katika sinia hakuna sahani ya mtu wa kuhesabiwa. Kuna matonge, kuna mwendo wa mkono, na kuna adabu, maana mkubwa husogezewa minofu na mkubwa huyohuyo, akiwa baba, huirudisha kwa watoto. Mzee yule alikuwa akirudisha. Aliposaidiwa kuhesabu matonge na vipande kwa siku tatu, moja ya mashine, moja isiyo ya mashine na moja ya mwisho wa wiki, kama inavyoshauriwa katika kumbukumbu za ulaji za siku tatu, ilidhihirika kwamba samaki aliyekuwa akitajwa katika kila fomu alifika mdomoni mwake kama ladha ya mchuzi tu.

Swali lililofuata lilikuwa la nani anapika. Kiswahili kimeliweka neno moja kwa mambo mawili: mwiko ni kile kilichokatazwa, na mwiko ni kile kinachosongea ugali. Kitengo kilikuwa kikimkabidhi mgonjwa mwiko wa kwanza bila kumwita aliyeshika wa pili. Wanaume wengi waliokuwa wakihojiwa hawakujua kilichomo chunguni. Walijibu walichokiona juu ya sahani. Walipokuja wake, binti na dada wa kazi, mambo ambayo fomu haikuyauliza yalijitokeza yenyewe. Maharage yalichemshwa kwa magadi ili yaive upesi, na magadi ni chumvichumvi ya sodiamu. Mchuzi ulitiwa vidonge vya kuongeza ladha, ambavyo chumvi yake ni nyingi. Nyumba moja ilikuwa imenunua chumvi mbadala iliyosifiwa dukani kuwa salama kwa presha, kumbe sodiamu ndani yake imebadilishwa na potasiamu, jambo la hatari kubwa kwa mgonjwa wa aina hii. Binti mmoja alikuwa akimchemshia baba yake viazi vilivyokatwa vipande vidogo katika maji mengi, jinsi alivyofundishwa, kwa kuwa potasiamu hutoka na kuingia katika maji; kisha, kwa kuogopa kutupa uzuri wa chakula, akamnywesha maji yale kama supu. Na mke wa kijana mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mumewe hutafuna udongo wa kula unaouzwa sokoni, tabia inayojulikana kwa watu wenye upungufu wa damu, ambao huwapata wengi wa wagonjwa wa figo, na udongo nao huweza kubeba potasiamu.

Upande wa fosforasi, mapishi yalionyesha kwamba orodha ilikuwa kali mahali pasipostahili. Fosforasi iliyo katika maharage na nafaka imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu hufyonza sehemu tu, mara nyingi isiyofika nusu, ilhali ile inayotiwa viwandani katika soda na nyama za kusindikwa hufyonzwa karibu yote. Mgonjwa aliyeacha kunde na kuendelea na kola alikuwa amepoteza protini bila kupata nafuu. Zaidi ya hapo, vidonge vya kalsiamu kaboneti, ambavyo kazi yake ni kuinasa fosforasi ndani ya utumbo kabla haijaingia kwenye damu, wengi walivimeza usiku wakati wa kulala pamoja na dawa nyingine, tumbo likiwa tupu, hivyo havikuwa na cha kunasa. Hakuna aliyewauliza wanavimeza saa ngapi.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mtihani wa peke yake, hasa kwa wagonjwa wa asili ya pwani. Wapo waliofunga siku zisizo za mashine licha ya ushauri wa madaktari, na wapo ambao hawakufunga lakini walikaa kwenye futari pamoja na wengine, jambo ambalo hakuna mwenye akili angewanyima. Futari ya pwani ni tende, kisha mihogo, magimbi, viazi au ndizi zilizopikwa kwa tui la nazi, na tui halimwagwi. Potasiamu yote iliyotoka katika mizizi hubaki sufuriani na kuliwa kwa mlo mmoja. Hapo orodha ya makatazo haikufaa kitu, na kilichofaa ni mazungumzo na mpishi: mizizi ichemshwe kwanza, maji yamwagwe, ndipo tui litiwe; tende iwe moja; na samaki aongezwe. Wapishi wachache walinung'unika kwamba ladha inapungua. Inapungua kweli.

Siku nazo zina uzito wake. Anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hukaa siku mbili kamili bila mashine mwishoni mwa juma, na uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 32,000 wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vifo na kulazwa kwa sababu ya moyo huongezeka siku inayofuata pengo hilo refu. Mwisho wa juma ndio pia wakati wa harusi, misiba na wageni, kwa hiyo fomu inayojazwa Jumatano kuhusu Jumanne humkuta mgonjwa katika siku yake tulivu kuliko zote. Kwa wanaosafishwa mara mbili tu kwa wiki pengo ni refu zaidi. Nchini Kenya, kwa mfano, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali kwa miaka kadhaa ulilipia vipindi viwili kwa wiki, na nchini Tanzania wasio na bima mara nyingi hupunguza vipindi kwa kukosa fedha, ilhali viwango vya ulaji vilivyomo vitabuni vimeandikwa hasa kwa kumfikiria mtu wa vipindi vitatu. Mtu wa namna hiyo akishauriwa ale mayai mawili kwa siku, hesabu anayoifanya kwanza ni ya nauli, na mayai hushindwa. Tathmini isiyouliza juu ya nauli imeacha sababu kubwa ya upungufu nje ya karatasi.

Mama mshona nguo aliongezewa yai moja asubuhi, kisha la pili, kipande cha samaki mchana, na maharage yaliyolowekwa na kuchemshwa bila magadi mara mbili kwa wiki. Potasiamu yake ilipanda hadi 5.2 na kukaa hapo. Ilichukua miezi mitano mkono wake kurudi sentimita 25, na mshono mmoja wa gauni ukafumuliwa.

Fomu ya kitengo kile sasa ina kurasa tatu, na swali la kwanza kabisa ni nani anapika nyumbani. Anayemsindikiza mgonjwa wake kwenye mashine wiki hii na aende na bakuli analolia mgonjwa huyo, na kama hakuna aliyeuliza, aliweke mezani mbele ya mtaalamu wa lishe, kisha aombe utepe upitishwe kwenye mkono usio na fistula na namba iandikwe.